Mlezi wa Mafia Ana Miaka Tisa

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kivuko kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni. Bahari ilikuwa shwari, abiria wamekaa juu ya mizigo yao, na kama ilivyo kawaida ya safari ile, mazungumzo yalianza na bei ya saruji yakaishia kwenye malezi. Bwana mmoja, mtu wa heshima zake, kofia ya viua kichwani na simu mkononi, akasema kina mama wa siku hizi wanatupa watoto. Eti mtoto wa miaka miwili anapelekwa kituoni kama kifurushi, anaachiwa mtu baki, mama mtu anakwenda kutafuta hela. "Zamani mama alikuwa anakaa nyumbani," akasema, "ndiyo maana sisi tulilelewa tukaleleka."

Watu wakaitikia. Wanawake nao wakaitikia. Mimi nilinyamaza, maana alikuwa rika la baba yangu, na kwetu hujibizani na mzee mbele za watu. Ila neno lile nilishuka nalo Kilindoni, nikalala nalo, na sasa namjibu hapa. Jibu langu linaanza na swali moja: mzee wangu, ni nani huyo aliyekuwa anakaa nyumbani?

Nauliza kwa sababu mjadala huu wa kituo au nyumbani umetufikia ukiwa tayari umeshavishwa nguo za watu wengine. Umetoka kwenye nchi ambazo mzazi anakaa kweli na kuchagua. Sweden, kwa mfano, wazazi wawili wana siku 480 za likizo ya kugawana kwa kila mtoto. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, baba siku tatu, na saa mbili za kunyonyesha kila siku ya kazi. Si haba. Lakini hizo ni za mwenye mwajiri. Mwanamke anayechokoa pweza Jibondo mwajiri wake ni bahari, na bahari haina fomu ya likizo. Kumuuliza huyu kama "ameamua" kukaa nyumbani au kumpeleka mtoto kituoni ni sawa na kumuuliza kama anapendelea ndege au kivuko wakati anavuka kwa ngalawa.

Hebu tumfuate siku moja. Kwa wenzangu wa bara, bamvua ni zile siku chache mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji yanajaa sana na kutoka sana. Siku nyingine ni maji mafu, bahari haitoki ya kutosha. Mara mbili kwa mwezi, basi, miamba inabaki wazi na wanawake wanashuka. Wapo wanaochokoa pweza, wapo wanaokwenda kwenye mwani kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna uliokomaa, wapo wanaookota makome. Katika pwani yetu maji ya bamvua hufika mwisho wa kutoka kati ya saa nne na saa sita mchana. Kwa hiyo mama anatoka nyumbani saa mbili au saa tatu, anarudi saa saba au saa nane, maji yanamfuata nyuma. Ametembea juu ya matumbawe makali, jua la utosi, mzigo wa majimaji kichwani. Pale si mahali pa mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Bahari isipotoka, kuna shamba. Mpunga ukianza kutoa masuke, mwenyewe anakaa juu ya dungu tangu alfajiri akiamia ndege. Kuna kuni, kuna maji ya kisima, kuna kukuna nazi na kupika. Jioni akikaa barazani mkono haukai: anasuka ukili wa mkeka. Huyo ndiye mama wa nyumbani wa Mafia. Nyumbani kwenyewe analala tu, na usingizi haumtoshi.

Wala si jambo la juzi. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alifika kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na akawa anarudi kwa miongo kadhaa. Someni kitabu chake cha 1975, Choice and Constraint in a Swahili Community, kisha kile cha 1997, African Voices, African Lives. Mtawakuta wanawake wenye mashamba yao na minazi yao, wanaolima, wanaosuka. Huyo mama wa zamani wa kwenye kivuko, anayekaa kutwa akimtazama mwanawe, mimi sikumwona humo. Na bibi zangu, ambao walikuwa na nguvu zao miaka hiyohiyo, sikuwahi kuwasikia wakimsimulia.

Haya, kama mama alikuwa baharini na shambani, mtoto alikuwa na nani?

Mimi nilikuwa na dada yangu.

Alikuwa na miaka tisa nilipozaliwa, yuko darasa la pili. Alinibeba mgongoni kwa kipande cha kanga mpaka nilipoweza kumfuata kwa miguu. Hakuna aliyemwambia aache shule, na shule haikumfukuza. Aliacha kufika siku za bamvua. Kisha akaacha kufika wakati wa mpunga. Kisha kila akifika anakuta wenzake wako mbele, akawa anaona haya, na alipoingia darasa la tatu mwalimu akaacha kuliita jina lake. Hivyo tu. Hata kilio hakikuwepo.

Nina kovu kwenye paja la kushoto. Siku hiyo dada alikuwa anapika uji huku nimo mgongoni, akainama kuchochea kuni, mimi nikachomoka kwenye kanga nikaangukia sufuria. Alikuwa ametimiza miaka kumi. Jioni mama aliporudi, dada alipigwa. Nimefikiria sana kipigo kile tangu nilipoanza kuwa na watoto wangu. Mtoto wa miaka kumi alichapwa kwa uzembe wa kulea, kosa ambalo kwa haki lilikuwa la watu wazima wote wa kijiji, kuanzia mwenyekiti mpaka imamu. Mama simlaumu. Angefanya nini? Angebaki tusingekula.

Kwa hiyo mtu akiniambia "zamani tulilelewa na mama zetu", mimi naona mgongo wa dada yangu. Mimi nimesoma, nimekuwa mwalimu, naandika makala za vitabu nanyi mnazisoma. Yeye anaweka dole gumba. Nyumba ni ileile, mama ni yuleyule, tofauti yetu ni nani alimbeba nani.

Sasa sikilizeni jambo lililobadilika, maana hapa ndipo pale kwenye kivuko pangetakiwa kuwa na kelele. Tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima vimeondolewa kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikuwa imeshasema mwaka mmoja wa elimu ya awali ni wa lazima. Watoto wakamiminika shuleni, wasichana pia. Alhamdulillahi. Lakini kwa kufanya hivyo nchi ilifunga kituo kikubwa kuliko vyote vya kulelea watoto wadogo tulivyowahi kuwa navyo, yaani dada mkubwa, na haikufungua kingine mahali pake. Mtoto anaanza darasa la awali akiwa na miaka mitano. Tangu anapoanza kutambaa mpaka hiyo mitano, kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana, ni wa nani?

Nimefundisha shule ya msingi kaskazini mwa kisiwa, na jibu nilikuwa nalo kwenye daftari la mahudhurio. Siku za maji mafu darasa limejaa. Siku za bamvua safu ya wasichana ina mapengo. Tulikuwa tunasoma kalenda ya mwezi kwenye daftari lile. Anayebaki nyumbani siku hiyo ana miaka minane, tisa, kumi. Wengine walikuja darasani na mtoto mgongoni, nikawaruhusu wakae karibu na mlango. Serikali inasema shule ni bure na ni lazima, bahari inasema maji yanatoka saa nne, na katikati yao amesimama mtoto wa kike amembeba mtoto.

Wanaotetea nyumbani hupenda kutuletea utamaduni. Vizuri, tuufungue utamaduni, sisi ni wasomaji. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa Pate mwaka 1858, mpaka leo unatajwa kila panapozungumzwa mwanamke bora wa pwani: mke mtulivu, nyumba safi, sauti ya chini. Mimi naupenda utenzi ule. Ni mama mgonjwa anamwachia bintiye kile alichonacho. Lakini tusijifanye hatuoni nyumba ile ni ya namna gani. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Nyumba ya kiungwana ya wakati ule ilikuwa na watumwa, na wamo ndani ya utenzi wenyewe. Mwanamke wa nyumba kama hiyo aliweza kukaa ndani kwa sababu kulikuwa na mikono mingine inayochota maji, inayotwanga na inayobeba watoto. Mafia nayo ilikuwa na waungwana wake karne ya kumi na tisa, matajiri wa minazi pale Chole, na minazi hiyo ilihudumiwa na watumwa. Lugha yetu yenyewe imehifadhi ushahidi. Tuna neno yaya, la zamani, na hatukulitunga kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo.

Leo wa mjini anaitwa dada wa kazi, au beki tatu kwa lugha ya vijana. Dar es Salaam mama wawili wanagombana, mmoja anajisifu anakaa na watoto wake, mwingine anajisifu ana kazi yake, na jikoni kwa wote wawili yupo msichana wa kijijini anayemwogesha mtoto. Sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Binamu yangu aliondoka kisiwani akiwa hajafika umri huo, akaenda kulea mtoto wa watu. Aliporudi baada ya miaka minne alijua kupika tambi za kila aina na alikuwa amesahau kuandika. Kwa hiyo popote mtu anaposifia mama aliyetulia nyumbani, mimi huangalia nyuma ya pazia nione nani ameshika mtoto. Karibu kila mara namkuta msichana mdogo.

Najua linalofuata: dini. Bwana wa kwenye kivuko naye aligusia. Basi na tuiguse kwa adabu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alinyonyeshwa na kulelewa miaka yake ya mwanzo na Bibi Halima wa Bani Saad, mbali na nyumba ya mama yake. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inazungumza juu ya mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, inamtwika baba chakula na mavazi ya huyo mama, na inaruhusu mtoto kunyonyeshwa na mwingine kwa malipo ya haki. Sasa niambieni, katika aya yote hiyo, sisi tumechagua kukumbuka nini? Tumekumbuka wajibu wa mama. Chakula na mavazi, ambavyo ni juu ya baba, tumevisahau, na mama ameshuka baharini kuvitafuta.

Tena sisi wa pwani ndio wa mwisho wenye haki ya kusema kumkabidhi mtoto kwa mtu mwingine ni ugeni. Tunawapeleka chuoni wakiwa na miaka minne, mitano, wanakaa mkekani na mwalimu nusu ya siku. Sijamsikia mtu akisema chuo kinakata mapenzi ya mama. Tunawapeleka kwa bibi zao kulelewa miaka mizima. Msichana akivunja ungo hafundwi na mama yake, anafundwa na somo. Hekima ya kisiwani ilijua mapema kwamba mzazi peke yake hatoshi. Wanaopenda kututolea methali wanatuambia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli. Lakini methali ina mwenzake, nao wanamwacha kibandani: mkono mmoja haulei mwana.

Mwaka 1986 Waislamu wa Mombasa walikuwa na wasiwasi kama wetu, watoto wao wanaingia shule wakiwa nyuma ya wengine. Wakashirikiana na Mfuko wa Aga Khan. Bi Swafiya Said akawa miongoni mwa walioanzisha shule za awali zilizoungana na madrasa, walimu wakiwa wanawake wa mitaa ileile, vifaa vya kuchezea vikitokana na vitu vya kienyeji. Mwaka 1990 mpango huo ukafika Zanzibar, 1993 ukafika Uganda. Wala hawakuambiwa wameacha dini. Walikaa kitako, wakaangalia watoto wao wanahitaji nini, wakajenga.

Nisije nikaonekana nawapigia debe wenye vituo. Nao nina yangu kwao.

Nimeingia kituo kimoja, sitasema wapi. Chumba kimoja, bati bila dari, saa tano ya mchana. Watoto kama arobaini wamepangwa sakafuni kwa mistari, miguu imekunjwa, mlezi ni msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne juzi. Ukutani chati za kununua. Wanaimba kwa pamoja: ei fo epo! Nikajiuliza ni nani kati yao amewahi kulila hilo epo. Watoto hawa wanatoka kisiwa cha minazi. Nyumbani wanajua kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, majina matano ya tunda moja kwa hatua zake, elimu ya mimea ambayo profesa angeifurahia. Kituo kinawapokea na kuwaambia hiyo si elimu, elimu ni epo. Mmoja alikuwa amelala huku amekaa. Mmoja amejikojolea na hakuna aliyeona. Mama akisema bora mtoto wangu abaki na bibi yake kuliko pale, mimi nitambebea mkoba twende naye nyumbani.

Kwa hiyo kwenye hili mzee wa kivuko ana haki, na sitaki kumnyima. Mtoto mdogo anahitaji mtu anayemjua jina, anayemshika akilia, anayezungumza naye. Akikosa hayo, rangi ya ukuta haimsaidii. Kosa la mzee ni kudhani kwamba hayo yanapatikana kwa sababu tu paa ni la nyumbani. Mtoto aliyeachwa chini ya mwembe na mwenzake wa miaka minane naye yuko nyumbani. Kovu langu nililipata nyumbani.

Na sheria? Sheria tunazo kwa wingi. Kulikuwa na Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto ya 1981. Ikaja Sheria ya Mtoto ya 2009, inayotaka vituo viandikishwe na vikaguliwe. Umoja wa Wanawake, ulioanzishwa 1962, ulihimiza vituo vya watoto enzi za vijiji vya ujamaa, kwa sababu waliona kwamba mwanamke anayelima shamba la pamoja hana mkono wa tatu. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano, kwa watoto kuanzia sifuri hadi miaka minane. Jina refu, maandishi mazuri. Lakini maandishi hayo yote yanamfikiria mama mwenye saa za ofisi: mlango unafunguliwa Jumatatu, unafungwa Ijumaa, saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu. Mama wa Mafia hana Jumatatu. Ana mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kisiwa hiki kina watu zaidi ya 60,000 kwa sensa ya 2022, na wengi wao wanaishi kwa maji na kwa shamba. Sisi hatuhitaji kunakili kituo cha Mikocheni. Tunahitaji kituo cha bamvua.

Nieleze. Kila kijiji cha pwani kiwe na nyumba moja, makuti yanatosha, yenye kivuli, choo na maji, karibu na pale wanaposhukia wanawake. Ifunguliwe kwa kalenda ya maji, kama tunavyofuata kalenda ya swala. Wakati wa kuamia ndege ifunguliwe kila siku kuanzia alfajiri. Mama anyonyeshe kabla hajashuka na anyonyeshe mara anapopanda. Kama sheria inampa karani saa mbili za kunyonyesha, mchokoaji pweza naye apewe hatua mia moja kutoka ufukweni. Walezi wawe wanawake wazima wa kijiji wawili watatu kwa watoto wachache, wafunzwe, waandikishwe ustawi wa jamii, na walipwe. Narudia, walipwe. Tukisema bibi alee bure kwa sababu ni bibi, tumerudi kulekule kwa dada yangu, tumebadilisha umri tu. Watoto wapate uji wenye nazi na samaki. Na badala ya epo, kila siku wasikie hadithi moja, paukwa pakawa, kwa Kiswahili cha kisiwani. Nyinyi mnaolia humu kwamba fasihi simulizi inakufa, hapo ndipo pa kuizika au kuifufua. Haitafufuka kwenye makongamano yetu. Msikilizaji wake ana miaka mitatu na sasa hivi amekaa chini ya mwembe hana wa kumsimulia.

Fedha? Pweza anapopanda ufukweni mnunuzi yuko na mizani, na ushuru wa mazao ya bahari unakusanywa. Mwanamke yule kwa mikono yake anaichangia halmashauri. Kipande cha ushuru huo kirudi kumlelea mtoto aliyemwacha ili kuupata. Sioni kama naomba sadaka.

Na baba je? Azimio la Arusha mwaka 1967 lilishasema kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu yeyote nchini, na wanaume wa vijijini likawasema vibaya. Mimi sitawasema vibaya. Mume wangu mvuvi wa dagaa, najua usiku wa baharini ulivyo. Lakini wavuvi wenzake wananielewa nikisema hivi: dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Sasa tazameni kalenda. Mwezi mpevu, bamvua imekolea, mama ameshuka kwenye miamba, na baba yuko nyumbani! Katika kila mwezi Mungu mwenyewe ametupangia siku za baba kushika mtoto, na siku hizo tunamtoa msichana shule. Mume wangu nilipomwonyesha hesabu hii alicheka, kisha hakucheka. Bamvua iliyofuata mtoto alishinda naye. Majirani walikuja kutazama kama vile papa potwe ameingia kijijini.

Penina Muhando ana tamthilia iitwayo Nguzo Mama, ya 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na kila mmoja ana lake linalomvuta, nguzo haisimami. Tulipokuwa tunaisoma chuoni ualimu, wengi darasani walisema fundisho lake ni kwamba wanawake hawapendani. Nilikubali, nikapata na maksi. Leo naisoma nikiwa na watoto watatu na ninajiuliza swali ambalo hatukumuuliza mwalimu: wakati wale wanawake wako kwenye nguzo, watoto wao walikuwa wameshikwa na nani?

Dada yangu sasa ni bibi. Binti yake anashuka baharini, naye anabaki na wajukuu wanne kwa mgongo uleule. Juzi nilimuuliza kama angependa kijiji kiwe na kituo au watoto wabaki nyumbani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Mimi nilikuwa nani?" akasema. "Mimi si ndiye nilikuwa kituo?" Akaendelea kupepeta mchele. Baadaye akaongeza kwamba mjukuu wake mkubwa, msichana, ana miaka minane na anajua kusoma, na hataki siku yoyote ile amwone amebaki nyumbani kwa ajili ya mtoto. Kwa hiyo anawashika yeye, magoti yanauma, malipo hana.

Makala hii nitamsomea. Na nikijaliwa kukutana tena na yule bwana kwenye kivuko, nitamwamkia shikamoo kama inavyostahili, nitamkaribisha chungwa, halafu nitamuuliza jina la dada yake mkubwa, na alifika darasa la ngapi.